Someni madaftari kwanza

Hotuba kwa wanafunzi wa shahada ya ualimu wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha

Ndugu Mkuu wa Idara, wahadhiri wenzangu, walimu wa shule za jirani mlioacha vipindi vyenu ili muwe nasi, na ninyi wanangu wa mwaka wa pili: habari za mchana. Shikamoo zenu nilizipokea zote pale mlangoni, marahaba.

Najua mawazo yenu yako wapi. Kuna wanaowaza bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, litaingia lini, maana nauli ya kwenda Sumbawanga au Masasi haisubiri mtu. Kuna waliopangiwa shule ambayo hata jina lake hawajawahi kulisikia, na wameshaanza kuulizia kama kuna umeme na kama mtandao unashika. Na karibu wote mna swali moja ambalo hamtaniuliza mbele ya Mkuu wa Idara: asesa, yaani mhadhiri wa kuwatathmini, atakuja lini, na akija anataka kuona nini? La kwanza silijui na hata ningelijua nisingesema. La pili ndilo lililonileta.

Mratibu aliniomba nizungumzie uhusiano kati ya kozi za mitaala na mazoezi ya kufundisha. Kwa lugha yenu ya korido: ile kozi ya mtaala tuliyosoma semista iliyopita inanisaidia nini nikishasimama mbele ya Kidato cha Pili B saa saba na nusu mchana, jua kali, watoto wana njaa? Ni swali halali kabisa. Wengi wenu mliisoma kozi ile kwa kuikariri. Fasili za mtaala, tofauti ya mtaala na muhtasari, modeli ya fulani na modeli ya fulani, hatua saba za Hilda Taba, faida na hasara. Mkaandika UE, mtihani wa mwisho wa semista, mkapita, ambaye hakupata sapu, ule mtihani wa marudio, akamshukuru Mungu, na vitini vikarithishwa kwa mwaka wa kwanza. Lawama kubwa hapo ni yetu sisi tunaotunga mitihani, maana tukiuliza fasili tutajibiwa fasili.

Hebu tumchukue mtu mmoja mliyemkariri kuliko wote, Ralph Tyler, mtaalamu wa mitaala wa Marekani. Hapa hakuna asiyeweza kunitajia maswali yake manne: shule inakusudia nini, wanafunzi wapewe uzoefu gani ili kusudio hilo lifikiwe, uzoefu huo upangwe vipi, na tutajuaje kama tumefika. Kinachosahaulika ni kwamba kitabu chake cha mwaka 1949, kidogo tu, hakifiki kurasa 130, kilianza kama muhtasari wa kozi aliyokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Chicago. Kitini, ndugu zangu. Kitini kama hivi mnavyotoa kopi hapo nje ya geti.

Na maswali yale hayakumjia kitandani. Kuanzia miaka ya 1930 alifanya kazi na walimu wa sekondari zipatazo 30 za Marekani katika utafiti ulioitwa wa Miaka Minane. Shule hizo ziliruhusiwa kuachana na masharti ya kawaida ya kuingilia vyuo, zipange masomo zinavyoona inafaa. Tyler ndiye aliyeongoza upande wa tathmini. Mwalimu akisema nataka wanafunzi wangu wafikiri, anaulizwa: sawa, mwanafunzi anayefikiri anafanya nini ambacho mwingine hafanyi? Tukimtazama tutaona nini? Kutokana na kazi hiyo alishikilia jambo moja ambalo katika vitini vyetu halipo au limefichwa chini ya ukurasa: kwamba mtu hujifunza kwa kile anachokifanya yeye mwenyewe. Anachokifanya mwalimu ni maandalizi tu.

Sasa fungueni andalio la somo, lolote lile, hata mlilotengeneza jana. Kuna hatua, kuna muda, kuna shughuli za mwalimu, kuna shughuli za mwanafunzi, kuna upimaji. Mimi nimeyasoma maandalio mengi kwenye ofisi za taaluma, chini ya miembe na juu ya boneti za magari ya chuo, na nawaambia safu ya mwalimu hujazwa vizuri sana. Kuwaongoza wanafunzi kubainisha, kuwaongoza wanafunzi kujadili, kutumia bango kitita kufafanua. Ukija kwenye safu ya mwanafunzi unakuta "kusikiliza na kuandika". Mstari unaofuata, "kujibu maswali". Unaofuata, "kujadiliana katika vikundi". Safu ile ambayo kwa hoja ya Tyler ndiyo somo lenyewe, inajazwa mwisho, haraka haraka, kwa maneno yaleyale iwe ni Historia au Kemia. Halafu pale chini kabisa, kwenye tathmini ya somo: "Somo limeeleweka kwa wanafunzi wengi, wachache watasaidiwa." Limeandikwa kwa kalamu ileile, kwa mwandiko uleule uliotulia, na wino umeshakauka kabla kengele ya kipindi haijalia. Mnacheka. Walimu wa shule za jirani nao wanacheka.

Nimekuja na daftari. Ni la Hisabati, la Kidato cha Kwanza, nimeazimwa na mwalimu mwenzetu kwa ridhaa ya mwenyewe, na jina nimelibandika karatasi. Mwandiko wake mzuri ajabu. Ukurasa huu ni wa kujumlisha sehemu. Juu kuna mfano ulionakiliwa ubaoni: nusu jumlisha theluthi, 1/2 + 1/3, jibu 5/6, hatua zote zipo, hakuna kosa. Chini yake linaanza zoezi. Swali la kwanza, 2/3 + 1/4. Mtoto ameandika 3/7. La pili, 1/5 + 1/2, ameandika 2/7. La tatu, 3/8 + 1/8, ameandika 4/16. Kote kuna mkasi mwekundu, ile alama ya kosa, na pembeni mwalimu ameandika "Fanya masahihisho", akaweka tarehe na saini. Kazi yake ameifanya. Ana mikondo minne na kila mkondo una watoto wasiopungua 80, mnaojua hali mnanielewa. Ukurasa wa pili masahihisho yapo: 11/12, 7/10, 4/8. Majibu matupu, hayana hatua, yameshuka moja kwa moja kutoka ubaoni. Mwalimu ameweka vema. Geuza kurasa kadhaa mbele, mada nyingine kabisa, wanatafuta urefu wa kamba mbili zilizounganishwa, nusu mita na robo mita. Mtoto ameandika 2/6.

Huyu mtoto si mzembe, na wala habahatishi. Ana kanuni, na anaifuata kwa uaminifu kuliko sisi tunavyofuata kanuni zetu: juu jumlisha na juu, chini jumlisha na chini. Pengine ameitoa kwenye kuzidisha sehemu, ambako kweli unazidisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kanuni hiyo mkasi mwekundu hauiondoi, kwa sababu mkasi unamwambia jibu limekosewa na haumwambii fikra yake imekwama wapi. Lakini mwambie ajumlishe nusu na nusu kwa kanuni yake. Atapata 2/4, ambayo ni nusu ileile. Nusu chungwa ukiongeza nusu chungwa, ubaki na nusu chungwa? Hapo atashtuka mwenyewe. Au mwoneshe kwamba alianza na 2/3, akaongeza kitu, akapata 3/7 ambayo haifiki hata nusu. Umeongeza, ukapata pungufu. Swali moja la namna hiyo lina kazi kubwa kuliko maswali kumi ya zoezi. Ila huwezi kulitunga usiku ukiwa chumbani kwako na kitabu cha kiada peke yake. Unalitunga ukiwa na daftari hili mezani.

Na hapa ndipo kozi ya mtaala inapopata kazi. Mliambiwa uzoefu wa kujifunza hupangwa kwa kuzingatia mwendelezo, mfuatano na mshikamano. Mkaandika hivyo kwenye mtihani. Sasa litumieni: mkishaliona kosa hili, chukueni muhtasari wa Hisabati wa shule ya msingi, mfuatilie mada ya sehemu darasa kwa darasa. Mtakuta mtoto huyu alifundishwa kiasi na asili, yaani namba ya juu na ya chini, akafundishwa kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS, yote kwa Kiswahili. Kisha Januari akavaa sare mpya, na mada ileile ikamjia kwa Kiingereza, majina mengine, mwalimu mwingine, kitabu kingine, kana kwamba ni jambo ambalo halijawahi kutokea duniani. Mwendelezo upo kwenye karatasi. Kichwani mwa mtoto umekatika. Mwalimu mwenye muhtasari wa Kidato cha Kwanza tu mkononi hawezi kuona ulipokatika, atasema watoto wa siku hizi hawana msingi, na hilo ndilo jibu tunalolisikia kila ofisi ya walimu.

Wataalamu wa tathmini wanatenganisha mitaala mitatu: uliokusudiwa, uliotekelezwa na uliofikiwa. Wa kwanza uko kwenye vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Wa pili uko darasani, kwenye kipindi cha dakika 40. Wa tatu uko kwenye daftari. Sisi chuoni tumewafundisha kwa kina wa kwanza, asesa anakuja kuutazama wa pili, na wa tatu hauna mwenyewe.

Kuna kitu nataka niwaambie wahadhiri wenzangu wa pande zote mbili. Kijana wa shahada ya sayansi na elimu anapita Idara ya Hisabati, anafundishwa kalkulasi na aljebra ya mstari na watu wanaoijua. Anavuka barabara, anakuja kwetu, anafundishwa saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, mitaala, mbinu za kufundishia. Hakuna chumba hata kimoja, upande wowote wa barabara, anakofundishwa kwa nini mtoto anajumlisha asili na asili. Idara ya Hisabati inaona hilo ni jambo la walimu. Sisi tunaona ni jambo la Hisabati. Lee Shulman, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, aliliandikia jambo hili mwaka 1986, akasema kuna ujuzi wa tatu, ule wa kulijua somo kwa jicho la anayejifunza: yapi humtatiza, huyaelewa visivyo kwa namna gani, mfano upi humfungua. Makala yake tumeiweka kwenye orodha za usomaji miaka na miaka. Kuisoma ni jambo moja, kuitengea saa kwenye ratiba ni jingine, na hilo la pili bado sijaliona.

Mtaniambia tuna ufundishaji mdogo, maikrotichingi. Ni kweli, na asili yake ni nzuri. Ilianzia Stanford mwaka 1963, kijana afundishe ujuzi mmoja kwa dakika chache, atazamwe, arudie. Lakini tazameni tunavyoifanya. Wenzako wa mwaka wa pili wanakaa mbele yako wakijifanya ni Kidato cha Kwanza. Wanaigiza kutojua. Ukiuliza swali, mmoja anatoa jibu la kijinga la makusudi ambalo hakuna mtoto aliyewahi kulitoa tangu shule zianze, darasa linacheka, wewe unamsahihisha kwa upole, unapata alama za kumudu darasa. Kosa la mtoto wa kweli halichekeshi. Lina mantiki, kama lile la 3/7, na mtu mzima hawezi kuliigiza kwa sababu ameshasahau alivyokuwa akiwaza zamani.

Historia yetu ya mitaala mnaifahamu, nitaipita. Machi 1967 Elimu ya Kujitegemea ilikemea elimu ya kumwandaa mtoto kwa ajili ya mtihani tu. Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi za kila siku za mwanafunzi zihesabiwe. Mwaka 2005 ukaja mtaala wa sekondari unaojengwa juu ya umahiri, na Januari 2024 tukaanza kutekeleza mitaala mipya iliyotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, yenye elimu ya lazima ya miaka kumi na mkondo wa amali kuanzia Kidato cha Kwanza. Ukizisoma nyaraka hizo pamoja, zote zinadai kitu kimoja: mtoto afanye, tumwone anafanya nini. Na kila mara shule zilipopanuka ghafla, kilichopunguzwa kilikuwa muda wa kumwandaa mwalimu. Baada ya Musoma, vijana waliomaliza darasa la saba walianza kufundisha vijijini huku wakisomea ualimu kwa redio na kwa njia ya posta. Sekondari za kata zilipoota kila kona miaka ya katikati ya 2000, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na leseni, wananchi wakawaita Voda Fasta. Wengi wao walifanya kazi kwa moyo na siwabezi hata kidogo. Baadhi yao baadaye walikaa kwenye viti kama hivyo mlivyokalia. Ila mtu aliyepewa wiki chache anafundishwa namna ya kumaliza kipindi. Nafasi ya kufundishwa namna ya kusoma kazi ya mtoto inatoka wapi?

Japani walimu wana utaratibu wao wa siku nyingi, jugyō kenkyū. Wanapanga somo pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanaingia darasani. Ajabu yake ni wanachotazama. Hawamkodolei macho mwalimu. Wanasimama karibu na madawati, wanaandika mtoto huyu alifuta nini, yule alimuuliza jirani yake nini, na baada ya kipindi mjadala ni juu ya hayo. Zambia wameujaribu utaratibu huo, na Kenya walipoanza mradi wa SMASSE mwaka 1998 kwa walimu wa Hisabati na Sayansi, shughuli za mwanafunzi ndizo zilizowekwa mbele. Haihitaji projekta wala maabara. Inahitaji walimu wawili wanaoaminiana, na huko mnakokwenda mtakuwa wawili watatu kila shule.

Basi nawaomba hivi. Wiki ya kwanza mkuu wa shule ataweza kukupa vipindi siku hiyohiyo uliyoripoti, hasa akisikia ni Fizikia au Hisabati. Shule nyingi zina njaa ya walimu hao. Pokea, usikatae, ugeni una adabu zake. Lakini kabla hujaandika azimio la kazi, ule mpango wako wa kufundisha wa muhula, mwombe mwalimu mwenyeji madaftari kumi ya darasa utakalofundisha. Usichague ya wale wanaokaa mbele na usichukue yaliyojaladiwa vizuri tu. Yachukue mchana, yarudishe asubuhi, maana mtoto asiye na daftari ataadhibiwa na mwalimu wa zamu, na kosa ni lako. Usiyasahihishe, yameshasahihishwa. Tafuta kosa linalojirudia kwa namna moja. Ukilipata kwa watoto watatu, hilo ndilo la kuanzia, na safu ya shughuli za mwanafunzi itajijaza yenyewe. Wa Kiswahili, tazameni insha: mtoto anaanza aya mpya kwa sababu gani? Wa Historia, tazameni kama majibu ya "kwa nini" yanatofautiana na majibu ya "eleza". Wa Jiografia, ramani zilizochorwa bila skeli zinasema mengi. Wa Kemia mnajua shida ya kusawazisha milinganyo, watoto wanabadilisha tarakimu ndogo za chini badala ya namba za mbele. Na tafadhali, msimcheke mwalimu mwenyeji kwa mkasi wake. Mtamaliza wiki zenu mtaondoka, yeye atabaki na mikondo minne.

Najua kuna anayejiuliza kimoyomoyo: mzee, haya yote yananipa ajira? Mnaona wenyewe, walimu siku hizi wanapita kwenye usaili, na waliomaliza miaka iliyopita bado wako mitaani. Siwezi kuahidi kitu ambacho sina. Ninachoweza kusema ni kwamba msaili akikwambia ueleze changamoto ya ujifunzaji uliyokutana nayo, wenzako kumi watasema msongamano wa wanafunzi na uhaba wa vitabu. Wewe utaeleza 3/7.

Kwa wahadhiri wenzangu nina ombi moja, na ninalisema mbele ya Mkuu wa Idara ili lisipotee. Fomu yetu ya tathmini ya mazoezi ina vipengele vya andalio, utangulizi, zana, lugha, mavazi, matumizi ya ubao, kumudu darasa. Tuongeze kimoja: mwalimu mwanafunzi alete madaftari matatu ya darasa lake, atueleze kila mtoto anawaza nini na yeye amefanya nini. Dakika kumi, baada ya kipindi, chini ya mti. Kama fomu imejaa, mavazi yapungue alama. Fomu haijabadilishwa muda mrefu na kuibadilisha kunapita kwenye vikao, najua. Basi msimu huu tufanye bila alama, kila asesa aulize tu. Habari zitasambaa. Kwenye makundi yenu ya WhatsApp asesa akiingia wilayani mnajulishana kabla gari halijasimama. Safari hii ujumbe uwe na madaftari ndani yake.

Nimebakiza dakika chache na sitaki maswali bado. Mratibu anagawa kurasa nilizotoa kopi kutoka madaftari mbalimbali, majina yamefutwa. Hazitoshi, kaeni watatu watatu kwa somo lenu. Wa Baiolojia njooni upande huu wa dirishani, kopi zenu zimefifia zinataka mwanga. Dakika ishirini. Msiniambie kosa ni lipi, hilo kila mtu analiona. Niambieni mtoto alikuwa anafuata kanuni gani alipoandika hivyo, kisha mtunge swali moja la kumuuliza. Kundi la kwanza kumaliza lianze kusoma kwa sauti.